Nesi kaniambia kutibu gono ni kujikinga na ngoma, hii imekaaje wakuu?

Mchuuzi wa Mwaloni:

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wa mawazo na msinicheke sana. Nipo Mwanza, kazi yangu dagaa, nanunua Kirumba mwaloni napeleka Shinyanga mpaka Kahama. Kama wiki mbili zimepita hivi kojo likaanza kuchoma, mwanzo nikajua ni jua na kutokunywa maji maana ukiwa njiani kutwa ni soda tu, siku ya tatu naamka naona boksa ina doa la njano, usaha kabisa. Nikaenda duka la dawa nikamwambia dada nina UTI, hakuniuliza la pili, kanipa cipro, ile antibiotiki, nikameza. Moto ukapoa siku mbili kisha ukarudi na hasira zake.

Ndo nikaenda kituo cha afya. Nikamkuta nesi mmoja mtu mzima, kaniangalia tu usoni akasema "umeshameza cipro eeh". Nikachomwa sindano moja, nikapewa vidonge vya siku saba asubuhi na jioni, halafu akanitoboa kidole akapima VVU na kaswende, vyote nikatoka salama. Kisha akanipa kikaratasi nimpelekee mwenza wangu naye aje. Wakati naondoka akaniambia "ukiwahi kutibu hivi vidudu unajikinga na ukimwi pia, usifikiri ni mambo mawili tofauti."

Sasa hiyo sentensi imenikaa kichwani. Gono na ngoma si wadudu tofauti? Kutibu kimoja kunazuiaje kingine? Na huyo mwenza ni mama watoto wangu yuko Misungwi, hana dalili hata moja, hajalalamika chochote, sasa nampelekeaje kikaratasi cha kumwita hospitali mtu mzima na afya yake? Si ndo nimejichongea mwenyewe. Na kama mimi nimepima sina, si biashara imeisha hapo?

Kijiwe Nongwa:

Dagaa wa Kahama hao mkuu, wana chumvi nyingi 😂😂 pole lakini. Ila hapo kwenye "hana dalili" subiri wenyewe waje.

Tabibu Mstaafu:

Kijana wangu pole, na huyo nesi mshukuru, wengi siku hizi wanaandika UTI wanakuruhusu uende.

Nianze na swali lako la kwanza. Ni wadudu tofauti kweli, gono ni bakteria na VVU ni kirusi, ila njia ni moja na mmoja anamfungulia mwenzake mlango. Ukiwa na kidonda sehemu za siri, iwe kaswende au pangusa au malengelenge, ngozi imeshapasuka, kirusi hakina haja ya kubisha hodi. Ukiwa na usaha bila kidonda bado ni hatari, kwa sababu mwili unatuma haraka askari wake, yaani seli za kinga, pale penye uchafu, na kirusi cha ukimwi kinachotafuta ni hao hao askari, ndiyo seli zake za kuingilia. Yaani unakuwa umemkusanyia chakula mlangoni. Na upande wa pili, mtu mwenye VVU ambaye hayuko kwenye dawa akipata gono, virusi kwenye shahawa zake vinapanda sana. Walipima wanaume kule Lilongwe, Malawi, miaka ya tisini, wenye usaha walikuwa na virusi kwenye shahawa mara 8 zaidi ya wasio na usaha, wakatibiwa kwa antibiotiki za kawaida tu, vikashuka. Hapo hawajameza hata kidonge kimoja cha ukimwi.

Halafu jambo ambalo wewe mtu wa Mwanza ungepaswa kutembea kifua mbele. Hilo neno la nesi limezaliwa hapo hapo kwenu. Kuanzia 1991 hadi 1994 NIMR Mwanza, ile taasisi ya utafiti wa magonjwa, na shirika la afya la AMREF na watafiti Waingereza wa London walichukua jamii 12 za vijijini mkoani, wakazigawa, 6 zikapata huduma nzuri ya magonjwa ya zinaa na 6 zikaendelea kama kawaida. Na huduma yenyewe haikuwa na makuu. Waliwafundisha waganga wa zahanati zilizokuwepo, wakahakikisha dawa haziishi, msimamizi anapita mara kwa mara, na watu vijijini wanaambiwa ukiona dalili njoo. Basi. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU upande wenye huduma yalikuwa asilimia 1.2 na upande mwingine 1.9, yaani yamepungua karibu asilimia 40. Ilitoka 1995 dunia nzima ikaongelea Mwanza. Na tabia za watu za ngono hazikuwa zimebadilika kati ya pande mbili, kwa hiyo huwezi kusema ni kondomu.

Mimi semina nilipata baadaye kidogo, nakumbuka ile chati tuliyobandika ukutani, mgonjwa akisema usaha unafuata mshale huu, akisema kidonda unafuata ule, unatibu siku hiyo hiyo wadudu wote wanaoweza kuleta dalili hiyo, bila kusubiri maabara ambayo hata haikuwepo. Kabla ya hapo tulikuwa tunamwambia mtu arudi Jumatatu, na Jumatatu harudi ng'o.

Mnyarwakai:

Shikamoo mzee Tabibu, nakubali ulichosema ila hadithi umeikata katikati. Mimi kwetu ni Mutukula, ng'ambo tu ya mpaka, Uganda, ndiko ilikokuwa Rakai ya wakati ule, na Rakai walifanya jambo kubwa kuliko la Mwanza. Wao hawakusubiri mtu aje na dalili, walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kama 10, kila mtu mzima anayekubali anapewa dawa, mwenye ugonjwa na asiye na ugonjwa. Matokeo 1999, magonjwa kadhaa ya zinaa yalishuka, kaswende na trikomona, lakini VVU hakuna kitu. Pande zote mbili, waliopewa hizo dawa na wasiopewa, zikawa sawasawa, maambukizi 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Na Masaka, huko huko Uganda, nao wakajaribu, 2003 wakatoa majibu, gono imeshuka kaswende imeshuka, VVU palepale.

Sasa mtu akisikia "tibu gono hupati ngoma" anaweza akaenda kufanya yake akijua ana kinga. Mi naona nesi alirahisisha mno.

Tabibu Mstaafu:

Marahaba. Umesema kweli wala sikatai, nilikuwa nakuja huko.

Sababu zinazotajwa ni hizi. Mwanza wakati ule VVU ilikuwa kama asilimia 4 ya watu wazima, ndiyo kwanza inaingia, na ugonjwa ukiwa unaingia huwa unapita zaidi kwa watu wenye wapenzi wengi, ambao ndio hao hao wenye gono na kaswende. Rakai ilikuwa asilimia 16, umeshaingia majumbani, mke na mume ndani ya ndoa yao tulivu wanaambukizana na hakuna aliyewahi kuwa na gono, sasa hapo utatibu usaha gani. Pili, Rakai walikuwa wanapita kila miezi kumi, mtu akitibiwa leo akiupata tena mwezi ujao anakaa nao miezi tisa, wakati Mwanza zahanati ilikuwa wazi kila siku. Tatu ni malengelenge. Vidonda vingi kwetu sasa vinatokana na kirusi cha malengelenge na hakiponi kwa antibiotiki, na hata walipojaribu dawa yake, asaiklovia, hapo hapo kanda ya ziwa kwa kina dada zaidi ya 800 wanaofanya kazi baa na gesti, 2008 majibu yakatoka, ngoma haikupungua. Inaonekana hata kidonda kikipona wale askari wanabaki wamejazana pale.

Kwa hiyo kijana usije ukaelewa vibaya. Kutibiwa haraka kunaondoa mlango mmoja uliokuwa wazi. Nyumba ina milango mingine.

Mama Wawili:

Nyie mnaongelea tafiti wacha mi niongee la kwangu maana huyu kaka ameuliza kuhusu mkewe na wanaume mmempita.

Kaka, "hana dalili" hiyo futa kabisa. Mimi mimba yangu ya kwanza nilienda kliniki nimependeza na kanga yangu mpya, sijaumwa hata kichwa, nikatobolewa kidole, dada akaweka damu kwenye kile kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende, tukasubiri, akaniita ndani akafunga mlango. Alivyofunga mlango tu nikajua nimekwisha. Akaniambia VVU huna ila una kaswende. Sikuwahi kuona kidonda mimi, kumbe kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani kwenye njia huko hukioni wala hakiumi, kinapona chenyewe na ugonjwa unabaki kwenye damu. Na gono na klamidia kwa wanawake wengi ndo kimya kabisa, wewe ulipata bahati ya doa kwenye boksa, yeye hapati hiyo bahati, anakuja kushtuka mirija imeziba anatafuta mtoto hapati.

Baba watoto nilivyomwambia neno la kwanza "wewe ndo umeuleta". Tulinuniana kama mwezi. Ila alikuja, tena kwa sababu nesi aliandika kile kikaratasi bila kutaja ugonjwa, kimeandikwa tu anaombwa afike na mwenza wake kituoni, akajua ni mambo ya kliniki ya mama. Tukachomwa sindano tatu tatu, moja kila wiki, tena kwenye tako, aisee mguu unakuwa mzito kama umefungiwa jiwe, yeye alikuwa anatoka pale anachechemea mimi namcheka moyoni. Mtoto alizaliwa salama, sasa yuko la tatu.

Halafu kitu kingine watu hawaambiwi. Mimba ya pili nikapima tena, ule mstari wa kaswende ukatokea tena! Nesi mmoja mdogo akanifokea mbele za watu eti nimeurudia, nikalia. Akaja mkubwa wake akasema ukishawahi kuugua kile kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha mstari maisha yako yote hata kama umepona, inatakiwa damu iende maabara ipimwe kile kingine cha kuangalia kama ugonjwa bado unafanya kazi. Kikapimwa, nilikuwa mzima. Kwa hiyo tunzeni kadi zenu zenye tarehe za sindano.

Mzizi Mkavu:

Hayo yote ya nini, kuna dawa ya asili inasafisha gono, kaswende, fangasi na inaongeza kinga mwili usishike ngoma, njoo inbox.

Kijiwe Nongwa:

Huyu kila uzi yupo, juzi alikuwa anatibu deni la benki kwa mzizi huo huo.

Tabibu Mstaafu:

Msiende inbox. Gono la sasa limeshazoea hata cipro ya dukani, ndo maana kijana liliporudi kachomwa sindano, litaogopa mzizi?

Nyakisumu:

Niaje watu wa Mwanza, mimi niko ng'ambo ya ziwa, Kisumu, nafanya na kina dada wa beach mambo ya afya. Nimefurahia hii discussion sana. Huku pia tuko na ile shida ya jaboya, mama anataka samaki lazima alale na mvuvi ndio auziwe, na huyo mvuvi leo ako Dunga kesho ako Homa Bay, so mkisema gono na HIV zinatembea pamoja hapa hatuhitaji kuelezwa.

Nilitaka niongeze moja. Kuna hii story ya kumeza doxy, ile antibiotiki doxycycline, masaa kadhaa baada ya kufanya ngono ili usipate magonjwa, Marekani iliwork kwa wanaume wanaolala na wanaume, klamidia na kaswende zilienda chini. Ikaletwa hapa Kisumu, wakaandikisha wasichana 449 wa miaka 18 hadi 30, wote tayari wanatumia PrEP, ile dawa ya kukinga HIV. Majibu ya 2023, haikusaidia. Lakini walipoenda kupima nywele, zaidi ya nusu ya zile walizopima hazikuwa na dawa kabisa, yaani wasichana wengi hawakuwa wanameza. Sasa si kusema dawa haifai kwa wanawake, ni kusema kidonge kikiwa kwa mkoba hakifanyi kazi. Kwa hivyo ndugu yangu wa dagaa usianze kununua doxy dukani ukimeza kila safari ya Kahama, nakuona.

Na pia wote hapa hawajataja PrEP. Ukiwa unajua safari zako zina mambo, PrEP ya kila siku ndio inazuia HIV, haizuii gono. Gono inazuiwa na kondomu. Hizo mbili watu huchanganya sana, mtu anameza PrEP mwaka mzima halafu anashangaa ako na usaha.

Mnyarwakai:

Hapo kwenye PrEP ndo penyewe. Mi nadhani faida kubwa ya kupima magonjwa ya zinaa leo siyo ile ya Mwanza ya 1995 tena, ni kwamba ukija na gono wewe mwenyewe umeshatuonyesha kwamba ulilala na mtu bila kinga na mtu huyo ana watu wengine. Hakuna dodoso litakalosema ukweli kuliko hilo doa la boksa. Kwa hiyo kituo kikikutibu kikakuacha uende bila kukupima VVU na kukuelezea dawa kinga kimefanya nusu ya kazi.

Tabibu Mstaafu:

Umenena. Na hapo kijana nirudi kwenye swali lako la mwisho maana ndilo linalonitia wasiwasi, lile la "nimepima sina, biashara imeisha". Haijaisha. Gono linajitokeza ndani ya siku chache, mbili tatu mpaka wiki. VVU kwenye kile kipimo cha kidole inachukua wiki kadhaa kuonekana. Siku ile uliyotobolewa kidole kipimo kilikuwa kinasoma maisha yako ya kabla ya miezi mitatu iliyopita, siyo lile tukio lililokupa gono. Kama uliyelala naye alikuwa na vyote viwili, gono limeshajitangaza na kile kingine bado kimya, na wiki hizo za mwanzo ndipo kirusi kinakuwa kingi mno mwilini, na ndipo unaporudi Misungwi.

Dawa za dharura, PEP, zinaanzwa ndani ya masaa 72, umeshapita, hilo tuliache. Rudi kupima baada ya miezi mitatu, ukiweza pima na katikati kama wiki ya sita. Mpaka hapo kondomu, pamoja na nyumbani. Na mkeo akitibiwa wewe ukaacha, au wewe ukatibiwa yeye akaacha, mtarudishiana hilo gono kama mpira wa kona. Msifanye kitu mpaka wote mmemaliza vidonge na siku saba zimepita.

Na huyo uliyelala naye huko Kahama naye ni mtu. Mpigie simu.

Mama Wawili:

Hapo kwa wa Kahama mzee umenigusa. Wanaume mnakumbuka mke mnasahau kwamba yule mwingine naye hana dalili.

Mchuuzi wa Mwaloni:

Wakuu nimerudi, samahani nilikuwa barabarani gari iliharibika Tinde nikalala na magunia.

Nimesoma yote, nyingine mara mbili. Kwa kweli hiyo ya kipimo kusoma nyuma sikuijua, mi nilishaanza kushangilia. Nilimpigia wa Kahama kwanza maana ndo rahisi, nikaandaa maneno njia nzima, nikamwambia nimeumwa na nimetibiwa naomba na wewe ukapime. Akanyamaza. Halafu akacheka akasema yeye alishatibiwa tangu wiki iliyopita, alikuwa anashindwa tu jinsi ya kuniambia. Na akaniambia mwenyewe bila kuulizwa kwamba VVU kapima hana ila naye kaambiwa arudi. Nikakaa pembeni ya barabara nikawaza tu, watu wawili wazima kila mmoja anamficha mwenzake kitu kile kile.

Mama watoto sasa. Nilienda Jumamosi na kile kikaratasi mfukoni, kimeshakunjika kina mafuta ya dagaa. Nilitaka nitumie ile janja ya Mama Wawili ya kliniki lakini yeye sio mjamzito, ningeonekana mjinga. Nikamwambia ukweli usiku watoto wamelala. Sitaandika alichosema hapa. Ila asubuhi alivaa tukapanda daladala, kakaa siti ya mbele na mimi nyuma mpaka tunafika, hatujaongea. Yule nesi alivyotuona wawili hakuniangalia hata mimi, akamsalimia yeye, akamuuliza watoto wangapi, wakaingia ndani mimi nikaachwa kwenye benchi kama dakika arobaini hivi.

Kapewa dawa, VVU hana, kaswende hana. Gono hawana kipimo chake pale kwa mwanamke asiye na dalili, nesi kasema ipo mashine inayoweza kusoma hiyo lakini sio pale na haipatikani hovyo, kwa hiyo anatibiwa kwa sababu mimi nililetwa na usaha, basi. Ndo hivyo hivyo kama ile chati ya mzee.

Kadi zetu zote mbili kaandika tarehe ya kurudi, mwezi wa kumi tarehe nane. Ya kwangu kaichukua mama watoto kaiweka kwenye pochi yake.

Mzee Tabibu swali moja, hizo wiki sita nikipima katikati nikikuta sina bado kondomu inaendelea? Maana hapa sasa hivi hata habari yenyewe ya kondomu haipo, nalala sebuleni.

Tabibu Mstaafu:

Inaendelea mpaka miezi mitatu itimie. Sebuleni nako ni kinga.

Kijiwe Nongwa:

😂😂😂 mzee!